Nyuma ya Jina la Mahali Kuna Mzabibu

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya huduma ya vinywaji, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi mliokuja kuwasindikiza vijana wenu, nanyi wahitimu: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme kuhusu mvinyo mwekundu wa dunia na zabibu zake. Somo hilo ni pana, na nikijaribu kuligusa lote tutatoka hapa hatuna kitu mkononi. Nimechagua jambo moja, lile ninaloliona likiwakwamisha wahudumu wazuri kila siku. Mgeni anauliza, “Mna Merlot?” Mhudumu anatazama rafu, halioni neno Merlot popote, anajibu kwa adabu zote kwamba hakuna. Nyuma yake imesimama chupa ya Saint-Émilion, na sehemu kubwa ya kilichomo ndani ni zabibu hiyo hiyo, Merlot. Mgeni anaagiza maji, hoteli imekosa mauzo, na chupa inaendelea kukaa.

Tatizo hapo ni lebo. Ufaransa, Italia, Hispania na Ureno, kwa desturi yao ya siku nyingi, huandika mahali: kijiji, bonde au kilima. Zabibu haitajwi, kwa kuwa mtu wa pale anajua tangu utotoni kinachopandwa pale. Marekani, Chile, Argentina, Afrika Kusini na Australia huandika aina ya zabibu kwa herufi kubwa, kwa sababu walipoanza kuuza nje hakuna mnunuzi aliyevijua vijiji vyao. Lakini mizabibu ni ile ile. Ilibebwa melini ikiwa vipande vya matawi vilivyofungwa kwa unyevu, ikapandwa upya, na mara nyingine ikasahau ilikotoka. Ukizijua njia hizo, lebo yoyote itakwambia habari zake.

Naomba kwanza niseme na wale ambao dini yao haiwaruhusu kuonja. Mko wengi katika kazi hii, na najua mnavyokatishwa tamaa, kwamba bila kuonja hamtafika mbali. Msiyasikilize hayo. Rangi inaonekana kwa jicho na harufu inafika puani. Na mengi nitakayosema leo ni habari za udongo, mvua, watawala na wakulima, mambo ambayo mtu huyajua kwa kusoma na kuuliza.

Sasa chukua punje moja ya zabibu nyeusi na uipasue kwa kucha. Nyama ya ndani ni kijani iliyofifia, na majimaji yake karibu hayana rangi. Wekundu wote umo kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachuliwa pamoja na maganda yake, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa, huku mtengenezaji akiyazamisha maganda yanayoelea juu ili yazidi kutoa rangi. Kutoka kwenye maganda hayo na kwenye mbegu hutoka pia ukakasi, ule unaobana ufizi na kukausha ulimi kama umetafuna bibo bichi. Zabibu yenye ganda nene na punje ndogo hutoa mvinyo mzito wenye ukakasi mwingi. Yenye ganda jembamba hutoa mvinyo mwepesi unaopenyeza mwanga. Shikeni hilo, maana nusu ya maswali ya wageni yanajibika kwa hilo peke yake.

Tuanzie Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, maana zabibu nyingi mtakazozikuta kwenye chupa za mabara mengine zilitokea huko. Mito miwili, Garonne na Dordogne, inakutana na kufanya mlango mpana wa mto uitwao Gironde. Ukisimama ukitazama maji yanakoelekea, mkono wa kushoto ni Médoc, nchi ya changarawe. Changarawe hupitisha maji haraka na hushika joto la jua, na Cabernet Sauvignon, inayochelewa kuiva, inalihitaji joto hilo. Mkono wa kulia ni Saint-Émilion na Pomerol, penye mfinyanzi na mawe ya chokaa, udongo wa baridi unaotunza maji. Merlot huiva mapema, kwa hiyo haisumbuliwi na baridi hiyo, na pale ndiyo mwenyeji, ikisaidiwa na Cabernet Franc. Basi ukisoma Pauillac au Margaux, vijiji vya Médoc, wazia Cabernet Sauvignon mbele na Merlot nyuma. Ukisoma Pomerol, geuza mpangilio.

Watu huniuliza kwa nini Bordeaux wanachanganya zabibu. Jibu lipo kwenye hali ya hewa. Atlantiki iko jirani, na mvua inaweza kuja wakati wa maua au siku chache kabla ya mavuno. Merlot huchipua na kuchanua mapema, Cabernet Sauvignon baadaye, na mwaka unaoiumiza moja mara nyingi huiacha nyingine. Mkulima mwenye aina mbili au tatu shambani anapata kitu cha kuvuna hata mwaka ukiwa mbaya. Utamu wa mchanganyiko ule ulizaliwa na tahadhari ya mkulima, na mimi naipenda sana habari hiyo kuliko sifa zote za makasri yao, kama wanavyoyaita mashamba yao makubwa ya mvinyo.

Makasri yenyewe mtayasikia. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, alitaka mvinyo wa Bordeaux upangwe madaraja, na madalali wakaupanga kwa kufuata bei ya sokoni. Katika mvinyo mwekundu, manne yakawekwa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton Rothschild iliwekwa la pili na ikasubiri hadi mwaka 1973 kupandishwa. Orodha ile karibu yote ni ya Médoc. Saint-Émilion na Pomerol hazimo kabisa, ndiyo sababu Petrus ya Pomerol, mojawapo ya mvinyo ghali kuliko yote duniani, haina daraja lolote la 1855. Mgeni akikuuliza daraja la Petrus, mweleze hivyo bila kubabaika.

Na hiyo Cabernet Sauvignon yenyewe, zabibu nyeusi maarufu kuliko zote, ina ukoo wa kushangaza. Mwaka 1997 Carole Meredith na John Bowers wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba vilivyoonyesha kwamba wazazi wake ni Cabernet Franc, ambayo ni nyeusi, na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe. Hakuna aliyeipandisha kwa makusudi. Mizabibu miwili ilikuwa jirani, chavua ikahama, mbegu ikaota, na mkulima ambaye jina lake halikuandikwa popote akaona mche ule unafaa kutunzwa.

Burgundy, mashariki ya Ufaransa, mambo ni mengine. Huko mvinyo mwekundu mkubwa ni zabibu moja tu, Pinot Noir, yenye ganda jembamba na tabia ya kudeka: baridi kidogo inaidhuru, jua likizidi linaikausha. Mwaka 1395 mtawala wa nchi ile, Philippe le Hardi, alitoa amri mizabibu ya Gamay ing’olewe kwenye ardhi yake, akiituhumu kwamba inazaa sana na mvinyo wake hauna hadhi. Gamay ikasogea kusini, kwenye vilima vya mawe ya matale vya Beaujolais, na kule ikapendeza. Kwa hiyo mgeni akitaka mvinyo mwekundu mwepesi, wenye harufu ya matunda mabichi na ukakasi mdogo, mletee Beaujolais, na ujue moyoni kwamba unamletea zabibu iliyofukuzwa kwao.

Burgundy inahitaji uangalifu kwa sababu ya vipande vyake. Chukueni shamba moja tu, Clos de Vougeot. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walilianzisha katika karne ya 12 na baadaye wakalizungushia ukuta wa mawe. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa serikali ikalichukua na kuliuza, na baadaye mauzo mengine pamoja na sheria ya mirathi ya Ufaransa, inayogawa mali kwa watoto wote, yakalikatakata. Leo shamba lile la hekta 50 hivi lina wenyewe wapatao 80. Wote wana haki ya kuandika Clos de Vougeot kwenye lebo. Mmoja ana mistari ya juu kwenye mteremko unaokauka vizuri, mwingine ana ya chini karibu na barabara ambako maji hutuama. Jina ni moja, bei inakaribiana, na chupa zinatofautiana kabisa. Mgeni aliyelipa fedha nyingi akalalamika kwamba “nilikunywa hii hii Paris ikawa bora zaidi” huenda anasema kweli, na wewe usimbishie. Soma jina la mzalishaji, chini ya jina la mahali, kisha ongea naye.

Bonde la Rhône nitalipita kwa haraka. Kaskazini, kwenye miteremko mikali ya Côte-Rôtie na Hermitage, ni nchi ya Syrah: mvinyo mweusi wenye harufu ya pilipili manga. Kusini, karibu na mji wa Avignon, Grenache ndiyo kubwa, na Châteauneuf-du-Pape inaruhusiwa kuchanganya aina 13. Ukiona lebo imeandikwa Côtes du Rhône bila zaidi, kisia Grenache kwanza na hutakosea mara nyingi.

Sasa nataka tutulie kidogo kwenye msiba. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kukauka bila sababu ya kuonekana. Majani yaligeuka rangi kabla ya wakati, vishada vikasinyaa, na mkulima aking’oa mti uliokufa alikuta mizizi imeoza na hakuna mdudu. Mwaka 1868 Jules Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, pamoja na wenzake, waliamua kung’oa miti ambayo ilikuwa bado hai. Hapo wakaviona kwa kioo cha kukuzia: vidudu vidogo vya rangi ya njano, vimejazana kwenye mizizi, vinafyonza. Mti ukifa vilikuwa vimeshahamia kwa jirani. Kidudu hicho, filoksera, kilitoka Amerika Kaskazini, kimekuja na miche iliyoingizwa Ulaya. Mizabibu ya kule Amerika ilikuwa imeishi nacho zama na zama na ikajifunza kukistahimili. Ya Ulaya haikuwa na kinga.

Walijaribu kila kitu. Walifurika mashamba kwa maji, wakamwaga kemikali kali ardhini, na tiba za ajabu ajabu zikatolewa. Kilichookoa ni kile ambacho mkulima wa Muheza anakifanya kwa michungwa yake: kubebesha. Shina la chini likawa la mzabibu wa Kiamerika, na juu yake likabebeshwa tawi la Cabernet au Pinot. Mizizi inavumilia kidudu, na tunda linabaki lile lile. Hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama kwenye mizizi ya Amerika, na wengi wanaokunywa Bordeaux kwa majivuno hawalijui hilo.

Msiba ule uliichora upya ramani. Wafanyabiashara wa Bordeaux, walipokosa mvinyo nyumbani, walivuka milima ya Pirenei wakaenda Rioja, kaskazini mwa Hispania. Huko zabibu kubwa ni Tempranillo, inayoiva mapema. Ujuzi wa Kifaransa wa kukomaza mvinyo kwenye mapipa madogo ya mwaloni ukashamiri Rioja, ila Wahispania wakapenda mwaloni wa Marekani, unaoacha harufu ya vanila na nazi. Mkitaka kumsaidia mgeni kwa Rioja, someni kwenye lebo neno linaloonyesha muda wa kukomaa. Reserva imekaa si chini ya miaka 3, angalau mmoja wake kwenye pipa. Gran Reserva ni miaka 5, angalau 2 kwenye pipa. Mgeni anayependa mvinyo laini uliokwisha kutulia, ambao mzalishaji ameshausubiri kwa niaba yake, hapo ndipo mahali pake, na bei mara nyingi ni ya kibinadamu.

Upande wa pili wa dunia kulikuwa na nchi iliyopona. Chile imefungwa na jangwa kaskazini, milima ya Andes mashariki, bahari magharibi na barafu kusini, na filoksera haikuishambulia. Katikati ya karne ya 19, kabla ya msiba, matajiri wa Santiago walikuwa wameagiza vipandikizi kutoka Bordeaux. Miongoni mwake ilikuwemo Carmenère, zabibu ya zamani ya Médoc. Msiba ulipoisha, Wafaransa hawakujisumbua kuirudisha, kwa sababu ilikuwa ngumu kuzaa kwenye hali yao ya hewa, na ikahesabiwa kuwa imepotea. Chile walikuwa nayo muda wote, imechanganyika mashambani na Merlot, na wote waliiita Merlot.

Mwezi Novemba 1994 mtaalamu wa mizabibu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alikuwa anatembea kwenye mistari ya Merlot ya shamba la Viña Carmen, katika bonde la Maipo. Akasimama kwenye maua. Ua la mzabibu ni dogo sana, na nyuzi zake za chavua kwa kawaida husimama wima. Zile zilikuwa zimejisokota. Akatamka palepale kwamba ile haikuwa Merlot, ni Carmenère. Baadaye watu walijifunza kuitambua hata kwa jani changa, ambalo kwa chini lina wekundu, na la Merlot kwa chini ni jeupe. Ugunduzi ule ulileta faida ya papo hapo. Carmenère huiva wiki tatu au nne baada ya Merlot, na kwa miaka yote wakulima walikuwa wanazivuna pamoja, nusu ya shamba ikiwa haijakomaa. Ile harufu kali ya pilipili hoho mbichi ambayo watu waliihesabu kuwa ladha ya Merlot ya Chile ilikuwa sauti ya zabibu iliyovunwa kabla ya siku zake. Walipoitenga na kuisubiri, wakapata mvinyo wenye rangi nzito na ukakasi laini, na leo ndiyo fahari ya nchi.

Ng’ambo ya Andes, Malbec nayo ilikuta makazi. Kwao ni kusini magharibi mwa Ufaransa, hasa Cahors, ambako mvinyo wake ulisifiwa kwa weusi. Mwaka 1853 Michel Aimé Pouget, Mfaransa, alichukuliwa na serikali ya Argentina, kwa msukumo wa Domingo Faustino Sarmiento aliyekuja kuwa rais, aanzishe shamba darasa la mimea Mendoza, na katika mizigo yake ilikuwemo Malbec. Mendoza ni karibu jangwa. Mvua ya mwaka ni kama milimita 200 tu, na mashamba yananyweshwa kwa theluji inayoyeyuka milimani na kushuka kwa mifereji, utaalamu ambao Wahuarpe, wenyeji wa asili wa pale, walikuwa nao kabla Wahispania hawajafika. Mizabibu iko kwenye mwinuko, mingine mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huko Valle de Uco. Mchana jua ni kali na ganda linanenepa, usiku baridi inashuka na uchachu wa tunda unabaki. Na mwaka 1956 baridi kali ilipoua mizabibu mingi ya Cahors, jina la Malbec duniani likabaki kubebwa na Argentina. Mgeni wa nyama choma, mletee hiyo. Sijapata kuona ikishindwa.

Italia ina mamia ya aina, nami nitataja mbili. Nebbiolo ya vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, ndiyo mama wa Barolo na Barbaresco. Huvunwa kwa kuchelewa, mara nyingi mwezi Oktoba, ukungu ukiwa umeshatanda mabondeni. Barolo haiuzwi kabla ya miezi 38, na 18 kati ya hiyo ni ndani ya mbao. Nayo inawadanganya wengi kwa macho: mimina kwenye glasi, iinamishe juu ya kitambaa cheupe, utaona wekundu mwepesi unaoelekea rangi ya tofali ukingoni, udhani ni mvinyo mnyonge. Kisha ukakasi wake unakamata kinywa kizima. Mgeni asiyejua hilo atadhani chupa imeharibika, na ni wajibu wako kumwandaa kabla hajanywa. Ya pili ni Sangiovese ya Toscana, zabibu ya Chianti na Brunello di Montalcino, yenye uchachu unaoupenda mchuzi wa nyanya. Mpaka wa Chianti ulitangazwa kwa amri mwaka 1716, na nadhani mmeanza kuona kwamba mahali kupewa jina kisheria ni jambo la kale sana. Ureno ilifanya hivyo kwa bonde la Douro mwaka 1756.

Kwetu Afrika, chupa zinazojaa kwenye rafu za hoteli zetu zinatoka Afrika Kusini, kwa hiyo muwe nazo karibu zaidi. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Tumaini Jema ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na Jan van Riebeeck, kiongozi wa Waholanzi pale, akaandika habari hiyo kwenye shajara yake. Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, walianza kuwasili kwa wingi mwaka 1688 na wakakaa Franschhoek. Cabernet Sauvignon na Shiraz ya Stellenbosch ni mvinyo wa kusimama popote. Lakini ipo zabibu moja iliyozaliwa kule kule, Pinotage. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa Stellenbosch, alichukua chavua akapandisha Pinot Noir na Cinsaut, zabibu nyingine ya Kifaransa, ambayo Afrika Kusini wakati ule waliiita Hermitage. Zikapatikana mbegu 4. Akazipanda kwenye bustani ya nyumba ya chuo, kisha mwaka 1927 akahamia kazi nyingine na bustani ikaota majani. Wafanyakazi walipokuja kuisafisha, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyekuwa anazijua zile mbegu, akawahi kuiokoa miche. Mvinyo wa kwanza wa zabibu ile ulitengenezwa mwaka 1941. Kwa hiyo kila Pinotage mnayoimimina, iwe ya bei ya chini au ya juu, ni uzao wa miche ile iliyonusurika kufyekwa. Mwambieni mgeni hadithi hiyo, na mniamini, ataagiza glasi ya pili kwa kutaka kuielewa.

Australia walipata Syrah, wakaiita Shiraz. James Busby, mtaalamu wa mizabibu, alipeleka shehena kubwa ya vipandikizi mwaka 1832, na Barossa, Australia Kusini, ambako filoksera haijafika, bado kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 inayozaa kwa mizizi yake yenyewe. California walikuwa na Zinfandel, wakadhani ni mali yao tangu mwanzo, hadi mwaka 2001 vinasaba vilipoonyesha kuwa ni sawasawa na mzabibu wa kale wa pwani ya Kroatia uitwao Crljenak Kaštelanski, na ni ile ile Primitivo ya Puglia, kusini mwa Italia. Basi hoteli ikiishiwa Zinfandel, angalia kama mna Primitivo. Na tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waamuzi wa Kifaransa walioonja bila kuona lebo walilitanguliza Cabernet la Stag’s Leap Wine Cellars la Napa, California, mbele ya makasri makubwa ya Bordeaux. Tangu siku ile hakuna tena mwenye haki ya kudharau chupa kwa sababu ya nchi yake.

Nimalizie sehemu hii na onyo la joto. Vitabu vingi husema mvinyo mwekundu uletwe kwa joto la chumba. Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya kabla ya vipasha joto, ambako chumba kilikuwa nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari ni nyuzi 30 na zaidi. Mvinyo wa nyuzi 30 unanuka pombe na ladha yake inalegea. Weka chupa kwenye ndoo ya barafu na maji, dakika kumi na tano zinatosha, kisha ifute na uilete mezani. Mgeni akishangaa, mweleze sababu. Beaujolais na Pinot Noir hata ziwe baridi zaidi kidogo.

Sasa Dodoma. Vitabu husema mizabibu ya mvinyo hustawi kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini au kusini mwa ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 kusini. Kinachoisaidia ni mwinuko wa mita zaidi ya 1,100, ukavu wa hewa, na msimu mmoja mfupi wa mvua. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu kwenye misheni, Bihawana ikiwa mojawapo, na wakulima wadogo wakaiendeleza. Huko hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, kwa hiyo mkulima anaulaza kwa mkono wake: anaukatia maji, anaupogoa, na ndipo unachipua upya. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hawezi kuliota. Zabibu nyekundu ya kule inaitwa Makutupora, kwa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na Syrah nayo ipo.

Hili linaniuma, nami nalisema wazi. Nimeona orodha nyingi za mvinyo katika hoteli za nchi hii ambamo chupa ya Stellenbosch imeandikiwa shamba, zabibu na mwaka, na chupa ya Dodoma imewekwa ukurasa wa mwisho chini ya neno moja, “ya nyumbani”. Haina zabibu, haina kijiji, haina msimu wa mavuno. Mgeni aliyevuka bahari kuja kwetu angependa sana kuonja kitu ambacho hakipati kwao, lakini karatasi yetu yenyewe imemwambia kwamba hakina la kusema. Ninyi ndio mtakaoandika orodha hizo miaka ijayo. Muulizeni muuzaji: hii ni Makutupora tupu au imechanganywa? Imevunwa Machi au Septemba? Ni kavu au ina sukari? Asipojua, mpigieni mtengenezaji. Kisha andikeni.

Hata hao wa Bordeaux wameanza kutazama nje. Joto limeongezeka, Merlot yao inaiva haraka mno na kileo kinapanda, na mwaka 2021 waliruhusu kwa majaribio, kwa kiwango kidogo, zabibu mpya nne nyekundu kwenye mvinyo wa Bordeaux wa kawaida, mojawapo ikiwa Touriga Nacional ya Ureno, iliyozoea jua la Douro. Ramani niliyowachorea leo itakuwa imebadilika kabla hamjastaafu, na wakulima waliozoea jua kali watakuwa na la kuwafundisha wenzao.

Mezani mna glasi tano kila mmoja, zimefunikwa lebo. Ya kwanza kushoto ni Beaujolais, na ya mwisho ni Makutupora. Tatu za katikati sitawaambia. Waonjaji waonje na kutema kwenye vikombe vilivyopo, na wasioonja waanze na rangi juu ya kitambaa, kisha harufu, halafu waandike wanachodhani: ganda nene au jembamba, nchi ya baridi au ya joto, mbao zipo au hazipo. Tutajadili kwa pamoja baada ya robo saa. Karibuni.